Softiboli ya mrusho wa polepole: kabla ya kuinua gongo, jua timu yako inahitaji nini

Mpigaji wa Njiro (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wote wanaocheza softiboli ya mrusho wa polepole hapa Arusha na ndugu zetu wa Moshi. Nauleta kwa sababu kila tunapokutana uwanjani jambo moja linajirudia: mpigaji anaingia kwenye kisanduku chake na nia ile ile aliyoingia nayo zamu iliyopita, yaani kuupeleka mpira mbali kadiri mikono inavyoruhusu, bila kujiuliza nani yuko kwenye besi (vituo vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka ili kupata pointi), auti zimeshafika ngapi (yaani waliotolewa; tatu zinamaliza zamu ya timu), na timu imeachwa kwa pointi ngapi. Msimamo wangu ni kwamba katika aina hii ya softiboli pigo zuri ni lile linaloisogeza timu mbele kutoka pale ilipo, na mara nyingi pigo hilo si refu.

Kwa mgeni wa mchezo nieleze kwa ufupi. Mrushaji anasimama mita 15 na ushee kutoka besi ya nyumbani, anarusha kwa mkono wa chini, na mpira lazima upande kisha ushuke. Kwa kanuni za USA Softball, shirikisho la softiboli la Marekani, kilele chake kinatakiwa kiwe kati ya futi 6 na futi 10 kutoka ardhini, ambazo ni karibu mita 1.8 hadi 3.0. Timu inayolinda ina wachezaji 10, wanne kati yao wakiwa wadakaji wa nje. Mkimbiaji haruhusiwi kuchungulia hatua kadhaa nje ya besi kabla mpira haujamfikia mpigaji, na mpigaji haruhusiwi kuugusa tu mpira kwa gongo ili udondoke karibu. Akifanya hivyo ni auti. Softiboli iliyochezwa kwenye Olimpiki kuanzia 1996 hadi 2008 na tena Tokyo 2021 ni ile ya mrusho wa kasi, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Sasa angalieni maana ya upinde huo. Mpira unakaa hewani sekunde moja hadi moja na nusu hivi. Katika muda huo mpigaji anaweza kuutazama unapanda, akaujua unaangukia wapi, na bado akabaki na nafasi ya kuamua kama atauwahi mbele ya mwili au ataungoja usogee karibu na kiuno cha nyuma. Mpigaji wa mkono wa kulia akiuwahi mbele, unakwenda kushoto. Akiungoja, unakwenda kulia. Kwa hiyo mrusho wa polepole unampa kila mpigaji, hata asiye na nguvu, uwezo wa kuchagua upande. Uwezo huo ukiwa mkononi, kutochagua ni kuiangusha timu.

Nianze na hali inayotugharimu kuliko zote: mkimbiaji yuko besi ya kwanza na auti hazijafika mbili. Mpigaji wetu wa kawaida anavuta mpira kwa nguvu kuelekea kushoto, unabiringika moja kwa moja kwa shotistopu (mlinzi anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu), anaupeleka besi ya pili, kutoka pale unapelekwa ya kwanza, auti mbili, na zamu iliyokuwa imeanza kupata uhai inakufa kwa mpira mmoja. Angeungoja na kuupeleka kulia, mlinzi wa besi ya pili angelazimika kuufuata akiwa ameipa mgongo besi yake, kisha ageuke ndipo arushe, na mgeuko huo peke yake mara nyingi unatosha kuokoa auti moja. Na ukipenya hadi kwa mdakaji wa nje wa kulia, mkimbiaji wetu anaweza kupita besi ya pili na kuendelea hadi ya tatu, kwa sababu kurusha kutoka kona ile mpaka besi ya tatu ndiko kurusha kurefu kuliko kote uwanjani.

Naomba niongeze angalizo kwa wanaojifunza kupitia video za besiboli. Huko mnaambiwa pengo la kati ya besi ya kwanza na ya pili hufunguka kwa sababu mlinzi wa kwanza anabanwa na kazi ya kumzuia mkimbiaji asichomoke. Kwetu hilo halipo, maana mkimbiaji amefungwa kwenye besi na mlinzi wa kwanza anasimama atakapo. Sababu yetu ya kupiga kulia ni mgeuko na urefu wa kurusha, basi.

Karibuni tujadili.

Besi ya Tatu, Sakina

Mkuu, ahsante kwa uzi wenye maana. Nakubaliana nawe kwenye hali ya mkimbiaji wa kwanza, ila naona umeiruka hali inayonisumbua mimi zaidi. Mimi husimama besi ya tatu kama mkimbiaji mara nyingi, auti ikiwa moja, na mwenzangu aliyeko kwenye kisanduku anapiga mpira wa chini kwa mrushaji. Nabaki palepale, yeye anatolewa. Unamshauri afanye nini?

Mpigaji wa Njiro

Kaka, hapo ndipo mpira wa juu unapokuwa na thamani ambayo katika hali nyingine hauna. Mkimbiaji akiwa besi ya tatu na auti hazijafika mbili, mpira wa juu unaodakwa na mdakaji wa nje unaleta pointi hata kama mpigaji mwenyewe ni auti, mradi mkimbiaji ameigusa besi wakati mpira unaguswa na mdakaji, halafu akimbie nyumbani. Mwenzako hatakiwi kuupiga mwisho wa uwanja. Anatakiwa kuupeleka mbali kiasi cha kumfanya mdakaji arudi nyuma, kwa sababu mtu anayedaka huku anarudi nyuma hana uzito wa mwili wa kurushia.

Namna ya kuupata ni kuuchagua mrusho. Mpira unaoshuka ukiwa bado usawa wa tumbo au kifua unapigika juu kwa urahisi, kwa sababu gongo linapita chini yake kidogo. Ule unaokaribia magoti unazaa mpira wa kubiringika hata kwa mpigaji hodari. Kwa hiyo katika hali hiyo, kama bado hana straiki mbili (straiki ni mrusho halali alioukosa au kuuacha; tatu ni auti), auache mrusho wa chini upite, hata ukiwa ndani ya eneo halali.

Auti zikishafika mbili, yote haya yanafutika. Mpira wa juu unaodakwa unamaliza zamu, na pointi ya mkimbiaji haihesabiwi. Hapo mpigaji atafute mpira wa kunyooka au wa chini wenye kasi, na wakimbiaji wote waondoke mara gongo linapogonga bila kungoja kuona.

Mdakaji wa Pasua

Habari zenu wana Arusha, nawasalimu kutoka Moshi. Nimesoma kwa makini na nina hoja ya kupinga kwa heshima zote. Kila timu ina watu wawili watatu waliojaliwa nguvu. Mtu wa aina hiyo ukimwambia aungoje mpira na kuusukuma kulia, umemnyang'anya kipawa chake na umempa mrushaji wetu nafuu kubwa. Sisi tunaolinda, anapoingia mpigaji mwenye nguvu, tunarudi nyuma hatua nyingi na roho zikiwa juu. Akianza kupiga vidogo vidogo tunafurahi. Kwa nini mumfundishe mtu kuwa mdogo?

Mpigaji wa Njiro

Ndugu yangu wa Pasua, umeleta hoja nzito na umenisaidia bila kukusudia. Umesema mnarudi nyuma hatua nyingi. Hebu tulitazame hilo tukiwa kwenye viwanja vyetu hasa, siyo vya kwenye video.

Sisi tunacheza kwenye viwanja vya mpira wa miguu vya kuazima, na vingi havina uzio upande wa nje. Kiwanja chenye uzio wa karibu kinamlipa mwenye nguvu: akiuvusha mpira, ni homurani, anatembea nyumbani. Kiwanja kisicho na uzio hakimlipi hivyo. Mdakaji anaweza kurudi nyuma apendavyo, akasimama mahali ambapo kwenye kiwanja cha uzio mpira ungekuwa umeshatoka, na akaudaka. Wapigaji wenye nguvu wanatolewa kwa mipira mirefu mizuri ambayo kila mtazamaji anaipigia makofi, na mwisho wa zamu hakuna pointi.

Lakini wadakaji wanne wakirudi nyuma wanaacha nyuma ya walinzi wa besi ukanda mpana wa nyasi usio na mtu. Mpira unaoruka usawa wa kichwa cha shotistopu na kudondoka hatua kumi na tano nyuma yake hauna wa kuudaka. Na mwenye nguvu ndiye pekee anayefunguliwa ukanda huo, kwa sababu yeye ndiye anayeogopwa. Sisemi awe mdogo. Nasema hofu mliyo nayo juu yake ndiyo silaha yake, aitumie pale mlipomwachia wazi, na siku mkichoka na kusogea mbele, auvushe juu ya vichwa vyenu. Kwenye kiwanja kisicho na uzio, mpira uliowapita wadakaji hausimami. Ataumaliza mzunguko wote kabla haujarudi.

Mrushaji wa Ilboru

Naunga mkono. Mimi ni mrushaji na niwaambie ninachokiona nikiwa pale katikati. Mpigaji ambaye macho yake yanawatazama wadakaji kabla hajaweka miguu ananipa kazi. Mpigaji anayenitazama mimi tu, najua atavuta, na namrushia mpira wa kina unaoshukia ukingo wa nyuma wa besi ya nyumbani ili apige sehemu ya juu ya mpira.

Pia tusisahau hali ya ardhi. Wakati wa masika nyasi zimejaa maji na mpira wa chini unafia njiani, kwa hiyo wa kubiringika ambao Septemba ungepenya kama umepakwa mafuta, Aprili unaokotwa na mlinzi bila jasho. Kiangazi ardhi ni ngumu na ina vishimo, mpira unaruka ovyo mbele ya mlinzi, na hapo kupiga chini kwa nguvu ni busara. Kabla ya mchezo tembea ndani ya uwanja, ukanyage.

Mdakaji wa Pasua

Mleta uzi, hoja ya ukanda wa nyuma ya shotistopu nimeielewa, na nakiri ni kweli tunauacha wazi. Bado nasema mwenye nguvu apewe ruhusa ya kupiga mbali pale ambapo besi ziko tupu na auti ni mbili, kwa sababu hapo kupata wapigaji watatu mfululizo wa mipira midogo ni vigumu zaidi kuliko kupata pigo moja kubwa.

Halafu kuna jambo la hewa. Moshi tuko mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, nyinyi mko karibu 1,400. Hewa yenu ni nyepesi zaidi, na mpira unaoruka juu unakwenda mbele kidogo kuliko kwetu. Tukipanda huko, wadakaji wetu wanapitwa mwanzoni mwa mchezo mpaka wazoee. Nyinyi mkishuka, mipira yenu ya juu inadondoka mikononi mwetu.

Mpigaji wa Njiro

Besi tupu na auti mbili, nakupa haki yako kabisa. Hapo mwenye nguvu apige atakavyo.

Kuhusu hewa, uko sahihi, ila tofauti ni ya hatua mbili tatu kwa pigo refu, siyo zaidi. Inatosha kubadilisha mpira uliodakwa ukawa mpira uliopita, na haitoshi kumbadilisha mpigaji wa kawaida akawa wa homurani. Timu yetu ikishuka Moshi, ningependa tupunguze mipira ya juu na tuongeze ya kunyooka.

Dada wa Soweto, Moshi

Jamani, naomba nami nichangie kwa niaba ya wanawake tunaocheza kwenye timu za mchanganyiko. Sisi hali yetu ni kinyume cha yote mliyosema. Mimi nikiingia kwenye kisanduku, wadakaji wanne wa nje wanasogea mbele mpaka karibu na walinzi wa besi. Ule ukanda mnaousifia, kwangu mimi umejaa watu. Baadhi ya ligi za nje zina mstari ambao wadakaji hawaruhusiwi kuuvuka mpaka mpira upigwe, lakini sisi hapa tukicheza kirafiki mstari huo haupo. Nifanye nini?

Mpigaji wa Njiro

Dada, ahsante sana, hili lilihitaji kusemwa na mtu anayelipitia. Kwako wewe mpira wa juu wa wastani, ule ambao kwa mwenye nguvu ungekuwa auti rahisi, ni silaha. Wadakaji wakisogea mbele kiasi hicho, mpira unaodondoka mita kumi nyuma yao hauna mtu, na huhitaji nguvu ya ajabu kuufikisha hapo. Uungoje mrusho unaoshuka usawa wa tumbo, uupige chini kidogo ya katikati, na ulenge katikati ya mdakaji wa kushoto na yule wa kati. Ukiwavusha mara moja tu, zamu yako ijayo watarudi nyuma wenyewe, na ukanda utafunguka.

Pili, naomba manahodha wa pande zote mbili tukubaliane kuuchora mstari huo kwenye michezo ya mchanganyiko. Chokaa kidogo tu inatosha. Si haki mchezaji azibiwe uwanja kwa sababu ya jinsia yake kabla hajapiga hata mpira mmoja.

Dada wa Soweto, Moshi

Nimekuelewa, nitalifanyia kazi. Na la chokaa tutalikumbushana.

Mgeni wa Krikiti, Kijenge

Salaam wakuu. Mimi nimetoka kwenye krikiti na ninajifunza mchezo wenu. Kule mpira mbaya unaulinda tu, unausukuma pembeni na kungoja mwingine, na unaweza kupiga hata kuelekea nyuma yako. Hapa nikiwa na straiki mbili nikausukuma nje ya mistari naambiwa auti. Hili linanichanganya.

Mpigaji wa Njiro

Karibu sana, ndugu. Hili ni eneo ambalo hesabu ya mirusho inabadilisha kila kitu, nami nilitaka kulifikia.

Katika kanuni nyingi za mrusho wa polepole, ukiwa na straiki mbili kisha ukapiga mpira ukatoka nje ya mistari, wewe ni auti. Zaidi ya hapo, ligi nyingi huanza kila mpigaji akiwa tayari na mrusho mbaya mmoja na straiki moja, ili mchezo uende haraka. Unganisha kanuni hizo mbili uone: straiki ya kwanza unayoiachia inakuweka kwenye straiki mbili, na kuanzia hapo mpira wowote wa pembeni unakuua. Kwa hiyo zile nafasi za kujaribu kupiga kwenye mstari wa kushoto kabisa, ambako mpira unaweza kutoka nje kwa shibiri moja, ni za mwanzo tu wa zamu yako. Straiki zikifika mbili, panua eneo la mirusho unayoikubali, ungoja zaidi, na lenga katikati ya uwanja, juu ya kichwa cha mrushaji. Mpira wa katikati ukiukosea kidogo, unakwenda kushoto au kulia lakini bado uko ndani. Ule wa pembeni ukiukosea kidogo, unatoka.

Upande wa pili, mrushaji akishakuharibia mirusho mitatu na wewe una straiki moja, mwangalie amechoka au la. Kama timu yako imeachwa pointi nne na zamu ni ya mwisho, uache mrusho unaofuata hata ukiwa mtamu kiasi. Mrusho mbaya wa nne unakupa besi ya kwanza bure, na besi ya bure ni mtu kwenye besi, na timu iliyoachwa pointi nne inahitaji watu kwenye besi kabla ya kitu kingine chochote. Homurani ya mtu mmoja wakati mmeachwa nne inawaletea moja, besi zinabaki tupu, na mrushaji anapumua. Nimeona timu nyingi zikipoteza mchezo kwa namna hiyo, kila mpigaji akitaka kuzirudisha pointi zote nne kwa gongo lake mwenyewe, na naumia kila ninapoiona, kwa sababu wachezaji hao wana moyo.

Mrushaji wa Ilboru

Nathibitisha kwa upande wa mrushaji. Hakuna kinachonichosha kama wapigaji watatu mfululizo wanaokataa mirusho yangu ya kina. Natamani wapige wakose, hawapigi, na mkono unaanza kufupisha upinde ili nipate straiki. Mpira wenye upinde mfupi unakuja umenyooka, na huo ndio unaopigika vizuri kuliko yote.

Besi ya Tatu, Sakina

Swali langu la mwisho. Nani anaamua? Nahodha apige kelele kutoka pembeni, au mpigaji ajiamulie?

Mpigaji wa Njiro

Nahodha aseme hali, mpigaji achague pigo. Kelele za "piga kulia" mpira ukiwa hewani zinamvuruga mtu. Ninachopendekeza ni mpigaji anayefuata, akiwa bado anangoja zamu, aseme kwa sauti mambo matatu: auti ngapi, nani yuko wapi, tofauti ya pointi ngapi. Akiyasema kwa mdomo wake, akili yake imeshaingia kwenye mchezo. Nahodha anasahihisha tu pale aliposema vibaya.

Na mazoezini tuache kurushiana mipira ishirini ya kupiga ovyo. Weka mkimbiaji halisi besi ya kwanza, weka walinzi, taja auti moja, kisha mpigaji apate mrusho mmoja tu wa kuifanyia kazi hali hiyo. Badilisha hali, aje mwingine.

Mdakaji wa Pasua

Zoezi hilo tutalichukua. Mkishuka Moshi safari ijayo, njooni na chokaa ya mstari wa akina dada, na mjiandae, kwa sababu tukiwa tunalinda yule mpigaji wenu mwenye nguvu, wadakaji wawili watabaki mbele na wawili watarudi nyuma.

Mpigaji wa Njiro

Basi pengo litakuwa kati ya yule wa mbele kulia na yule wa nyuma kulia. Nimeshaliandika. Chokaa tutaileta.